Tupeane uzoefu: shule zinavyotupa taarifa za usalama na za fedha (Kigoma na Tabora)

Mjumbe wa Kamati, Kasulu
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Leo saa tano asubuhi shule moja ya huku imewatumia wazazi meseji ya maneno matano: "Mzazi unaombwa kufika shuleni haraka." Basi, hakuna zaidi. Watu wakaacha majembe shambani, bodaboda zikapakia watatu watatu, kina mama wanalia njiani. Kufika wanakuta viti vimepangwa: kikao cha mchango wa chakula! Kinachonitia hofu ni siku radi itakapopiga kweli. Meseji kama ile ikiingia, mzazi ataisoma, ataiweka simu mfukoni, ataendelea kupalilia. Tupeane uzoefu: kwenu taarifa ya hatari inafikaje, na ya pesa inafikaje? Tuandike kwa vipimo, tusiishie kulalamika.

Mwalimu Mstaafu, Urambo
Marahaba Mjumbe. Meseji ya dharura ina mambo matano: kimetokea nini, watoto wako wapi na wana hali gani, mzazi afanye nini au asifanye nini, taarifa nyingine itatoka saa ngapi, na nani ameandika. Mfano:

"Mvua ya radi. Watoto wote wako madarasani, ni salama. Msije sasa hivi. Tutawaachia mvua ikikatika. Taarifa nyingine saa 9:30. Mwalimu Mkuu."

Hiyo haifiki herufi 160, kwa hiyo inakwenda kama meseji moja. Wengi wanaharibu hapa bila kujua: ukichomeka kikatuni kimoja tu, cha mikono inayoomba kwa mfano, nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Meseji ile ile inakatwa vipande viwili au vitatu na unalipia kila kipande. Andika herufi za kawaida, mapambo yaache.

Na neno "haraka" liwekwe akiba. Ukilitumia kwa mchango, siku ya moto utalitafuta na halitakuwa na nguvu.

Fundi Seremala, Ujiji
Hapo kwenye "haraka" umemaliza, mwalimu wangu.

Mhasibu, Nzega
Nije kwenye pesa, maana mzazi asiyeamini hesabu za shule haamini hata tangazo lake la radi. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hiyo, 4,000 ni ya vitabu na haipiti shuleni. Inayoingia akaunti ya shule ni 6,000, yaani 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Shule ya watoto 840 itegemee 420,000 kwa mwezi. Hesabu hii mzazi yeyote anaifanya kwa kidole mchangani.

Sasa angalieni ubao wa matangazo. Karatasi nzuri ina safu nne: tarehe pesa ilipoingia, kiasi, imenunua nini na kwa idadi gani, na salio. "Chaki katoni 2" ni taarifa. "Vifaa" si taarifa. Mkikuta mstari wa "mengineyo" umezidi mstari wa chaki na karatasi, ulizeni kwenye mkutano, kwa adabu, mbele ya wote. Mwalimu mkuu hawezi kusema hesabu hazipo, kwa sababu FFARS, mfumo wa serikali wa hesabu za vituo vya huduma kama shule na zahanati, uliozinduliwa 2017, unamtaka aingize mapato na matumizi yake. Karatasi ya ubaoni inaweza kutolewa humo humo.

Kosa jingine la kila siku ni karatasi kubandikwa ndani ya ofisi. Mzazi gani ataingia ofisini kwa mwalimu mkuu kusoma ukuta? Ibandikwe nje, chini ya upenuni mvua isiifikie, usawa wa macho ya mtu mzima.

Mama Lishe, Sikonge
Bwana mhasibu asante. Kwenye chakula nako wazazi wanagoma kwa kutoelezwa hesabu, wala si ubahili. Ukiwaambia tu "debe moja la mahindi kila mtoto" wanaona mnawakomoa. Waoneshe lilikotoka. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto mmoja ukimpimia gramu 100 za mahindi kwa siku, mara 194, ni kilo 19 na ushee, ndilo debe hilo hilo. Maharage gramu 30 kwa siku yanafika karibu kilo 6. Kuni, chumvi, mafuta na mpishi viandikwe pembeni kwa mstari wake, msivifiche ndani ya mahindi. Nimepika shuleni miaka mingi: mzazi akishaona gramu, maswali yanapungua nusu.

Na kila Ijumaa ubaoni paandikwe stoo imebaki magunia mangapi. Yakiwa hayatoshi siku zilizobaki, mzazi aone mapema, asisubiri sufuria ikae kavu.

Baba Watatu, Kibirizi
Mama Lishe gramu zako nimezikubali, lakini tarehe nazo muangalie. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nyumba za wavuvi huku hazikuwa na shilingi. Tangazo la mchango likitoka kipindi hicho unatafuta ugomvi. Tabora nadhani ni hivyo hivyo kwa tumbaku: kabla ya malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mzazi anakopa hata sabuni.

Mkulima, Kaliua
Kweli kabisa. Huku tunataka mchango ugawanywe mara mbili na tarehe zitangazwe Januari.

Muuguzi, Uvinza
Naomba mnisikilize kwa kirefu kidogo, kwa sababu lile la Kasulu la leo ni dogo mbele ya siku ya kingatiba, yaani dawa za kinga wanazomezeshwa watoto shuleni.

Ilikuwa shule moja ya mwambao. Dawa za kichocho na minyoo zilifika Jumanne, zigawiwe Jumatano. Wazazi walipewa taarifa kwa mdomo kupitia watoto, jioni ile ile. Sasa dawa ya kichocho inataka mtoto awe amekula. Vidonge ni vya miligramu 600, mtoto anapimwa kwa fimbo ya urefu, na fimbo inasema ameze vingapi. Ukimpa aliyekuja na njaa, tumbo linasokota, kichwa kinazunguka, anatapika. Mwenye wadudu wengi mwilini anasumbuka zaidi, maana wadudu wanakufa kwa pamoja. Kwa kawaida hali hiyo inapita ndani ya saa chache.

Saa tatu wameanza kumeza. Saa nne kasoro, wasichana wawili wa darasa la sita wametapika foleni ikiwaona. Wa tatu akakaa chini. Baada ya hapo hata ambao hawajameza wakaanza kushika matumbo. Mpita njia akaona watoto wamelala chini ya mwembe, akapiga simu sokoni: "watoto wanakufa." Saa nne na nusu uzio wa miti umelala chini, kina baba wana mapanga, mwalimu wa zamu amejifungia stoo, na mimi nimekumbatia ndoo ya dawa kama mtoto mchanga. Mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Binti, umewapa nini?" Nikamtolea kopo, nikameza viwili mbele yake. Huyo mzee ndiye aliyegeuka akawatuliza wenzake.

Hakuna mtoto aliyekufa. Jioni wote walikula ugali makwao. Lakini mwaka uliofuata karibu nusu ya darasa la kwanza hawakuletwa siku ya dawa, na kichocho kinabaki majini.

Tangazo likitoka siku tatu kabla, kwa maandishi, likisema: mtoto ale ashibe kabla ya kuja, anaweza kuumwa tumbo au kutapika na litapita, asiyejisikia vizuri tunaye na muuguzi yuko, basi yule mpita njia angekuwa na jibu kabla ya kupiga simu.

Mama Zuhura, Gungu
Mungu wangu. Dada pole sana.

Fundi Seremala, Ujiji
Wazazi nao wamezidi. Panga shuleni?

Mkulima, Kaliua
Fundi, usiwaseme wazazi. Umeambiwa mtoto wako anakufa, ungebeba daftari?

Fundi Seremala, Ujiji
Ningeuliza kwanza.

Mkulima, Kaliua
Ungemuuliza nani, mwalimu aliyejifungia stoo?

Mwalimu Mstaafu, Urambo
Vijana, taratibu. Morogoro mwaka 2008 ghasia za namna hiyo hiyo zilitokea kwa dawa hiyo hiyo. Tatizo ni lile lile: taarifa ilitanguliwa na uvumi. Na mwalimu asijifungie. Mmoja asimame getini, mmoja na watoto, mmoja kwenye simu. Hayo yapangwe kabla ya siku ya dawa.

Baba Watatu, Kibirizi
Turudi kwenye pesa kidogo. Mimi nasema majina ya wasiotoa mchango yawekwe kwenye grupu la WhatsApp. Uwazi ni uwazi. Kwetu ilifanyika, wiki moja watu wakalipa.

Dada wa Kata, Igunga
Kaka, hapo sikubali hata kidogo. Mchango ni wa hiari, na mtoto harudishwi nyumbani kwa ajili yake. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023. Deni la mzazi ni taarifa yake, si picha ya harusi ya kusambaza. Andikeni kwa darasa: "Darasa la IV: kaya 96, zimetoa 71." Inatosha, na wale 25 wanajijua.

Baba Watatu, Kibirizi
Wanajijua na hawalipi. Wengine tunabeba wenzetu kila mwaka.

Dada wa Kata, Igunga
Katika hao 25 kuna bibi anayelea wajukuu sita. Umemuweka kwenye grupu la watu 200, na mjukuu wake anaona kwa simu ya jirani. Kamati iende nyumbani kwake watu wawili, bila karatasi mkononi.

Mhasibu, Nzega
Namuunga mkono Dada wa Kata. Nyongeza: pesa taslimu isipite mkononi mwa mwalimu wa darasa. Iende kwa mweka hazina aliyechaguliwa na wazazi, stakabadhi itolewe hapo hapo, benki ndani ya wiki. Malipo ya shule yenye namba ya malipo ya serikali yalipwe kwa namba hiyo tu, hata kama mtu anasema mtandao unasumbua.

Baba Watatu, Kibirizi
Mimi bado nasema majina. Ila hiyo ya stakabadhi sawa.

Mlezi wa Bweni, Tabora Manispaa
Habari zenu. Nyie mmeongelea shule za kutwa, bweni lina mambo yake. Tunawajua waliofariki kwa moto wa bweni Shauritanga 1994, Idodi 2009, Kyerwa 2020. Kila mlezi anaangalia milango: miwili, ifunguke kwa nje, kufuli lisiwe nje usiku, nondo za dirisha moja ziwe na bawaba. Kinachosahaulika ni orodha ya majina. Nyingi zinatundikwa ndani, chumbani kwa mlezi, na zinaungua pamoja na godoro. Hapo mzazi anapiga simu saa nane usiku na hakuna anayeweza kumjibu mwanae yuko wapi. Nakala mbili zikae nje: moja kwa mlinzi getini, moja kwa mkuu wa shule nyumbani, na zibadilishwe kila Jumapili jioni baada ya ruhusa za mwisho wa wiki. Kwenye kila nakala ziandikwe kwa wino mzito: 114 zimamoto, 112 polisi, 116 ya mtoto. Simu ya 116 ni bure.

Mama Zuhura, Gungu
Orodha nje. Kesho naanza.

Mjumbe wa Kamati, Kasulu
Nimenakili yote. Swali: kaya isiyo na simu? Huku kwetu ni nyingi, na walio nazo wanabadilisha laini kila msimu.

Mwalimu Mstaafu, Urambo
Daftari la darasa liwe na namba tatu kwa kila mtoto: ya mzazi, ya jirani, ya mtu wa kitongoji. Zihakikiwe kila mwanzo wa muhula kwa kuzipiga, kusomewa na mtoto haitoshi. Kaya zisizo na simu zigawanywe kwa mabalozi, kila balozi na kaya zake.

Mkulima, Kaliua
Kwetu msikiti na kanisa vinatangaza kwa spika, inafika hata kambi za tumbaku.

Dada wa Kata, Igunga
Spika kwa mikutano, sawa. Kwa dharura hapana, inaanza uvumi kijiji kizima kabla shule haijahesabu watoto.

Mkulima, Kaliua
Ya radi itangazwe. Mbona radi kila mtu ameisikia?

Mlezi wa Bweni, Tabora Manispaa
Hesabu watoto kwanza, halafu spika. Dakika kumi.

Muuguzi, Uvinza
Mjumbe, kwenu kingatiba ni lini?

Mjumbe wa Kamati, Kasulu
Tumeambiwa Alhamisi ya wiki ijayo.

Muuguzi, Uvinza
Basi karatasi zitoke Jumatatu. Andika kwanza "mtoto ale ashibe," kwa herufi kubwa, na jina la dawa chini yake. Na uji uwe tayari shuleni saa mbili, kuna watakaokuja hawajala.