Eti mzazi achague shule! Kumbe shule ndiyo inayomchagua mzazi

Wakuu, hii ngonjera ya "uhuru wa mzazi" kumchagulia mtoto shule imenichosha. Uhuru gani? Shule nzuri ya umma ina nafasi chache, waombaji kibao. Hapo mwenye kuchagua ni nani?

Tazameni fomu zao. Mzazi afike kwenye usaili siku ya kazi, asubuhi. Aandike na barua ya kueleza kwa nini anaipenda shule (anayesoma ni nani, mtoto au yeye?). Wa ofisini ataomba ruhusa. Mama anayelipwa kwa siku akienda huko, jioni watoto wanalala njaa. Tuseme kapata nafasi: shule iko ng'ambo ya mji, usafiri wa shule hakuna, jitegemee.

Sweden tangu 1992 hela ya serikali inamfuata mtoto hadi shule binafsi, na nyingi zinapokea kwa foleni, aliyewahi kujiandikisha ndiye anayeingia. Basi wapo wanaoandikisha vichanga! Familia iliyohamia juzi na mtoto wa miaka saba itapanga foleni lini?

Chile walianza vocha, yaani hela ya serikali kumfuata mtoto kama huko Sweden, 1981. Shule zikala ruzuku, zikachuja watoto, nyingine zikatoza na ada juu. Wanafunzi waliandamana sana 2006 na 2011 ndipo sheria ya 2015 ikaja kupiga marufuku kuchuja, kuondoa ada hizo hatua kwa hatua, na kukataza faida. Siku hizi maombi yanapita mfumo mmoja, na nafasi zikipungua kuna vipaumbele kama ndugu wa wanafunzi, kisha bahati nasibu. Kumbe inawezekana!

Na waliobaki shule za kawaida? Kila darasa likitoka watoto wawili watatu, hela inaondoka nao. Mwalimu ni yuleyule, bili ya umeme ileile, bati linavuja palepale. Halafu mnaiita shule imeshindwa.

Asije mtu kuniambia turudi kupanga kwa anwani tu. Huko nako mwenye nazo anahamia jirani na shule nzuri, kazi imeisha. Kuchagua kuwepo, ila usaili ufutwe, nauli ilipwe, nafasi zikipungua ichezeshwe bahati nasibu mbele ya watu.

Shule inaendeshwa kwa kodi yangu halafu inataka kunihoji kwanza, inatafuta nini kwangu? Wenye kuitetea karibuni, nawasubiri.