Riwaya za kijana asiyeijua dunia: nianze na ipi?

Kibatari
Wadau naombeni msaada. Natafuta riwaya ya kijana mshamba wa maisha, yule anayeamini kila anachoambiwa halafu dunia inamfumbua macho kidogo kidogo. Sharti langu moja tu, asiuawe mwishoni ili sisi wasomaji tushike adabu, za hivyo nimeshiba. Ninazo mbili hapa nashindwa kuchagua, Great Expectations ya Dickens na Northanger Abbey ya Jane Austen. Ipi kwanza?

Shungi
Umeshiba vifo, bila shaka umetoka kusoma Rosa Mistika 😄

Kibatari
Hiyo hiyo. Sijapona.

Mlamba_Kurasa
Mkuu anza na Northanger. Catherine ana miaka 17, kichwa kimejaa riwaya za majumba ya kutisha, sasa kaalikwa kwenye nyumba kubwa ya zamani basi kila kabati analiona lina siri. Kuna usiku anafungua kabati moja jeusi anakuta bunda la karatasi, mara mshumaa ukazimika, analala anatetemeka akijua kapata maandishi ya mtu aliyeteswa humo, kunakucha anasoma... ni hesabu za dobi! Mashati na soksi. Nilicheka peke yangu kama chizi. Ila utamu ni kwamba hajakosea moja kwa moja, yule jenerali mwenye nyumba hajaua mkewe kama binti anavyodhani lakini ni mtu mbaya kweli, ubaya wa kawaida tu wa kupenda pesa, na siku zote hizo binti anakula naye meza moja.

BiTausi
Sawa, lakini Catherine mwandishi anamcheka tangu ukurasa wa kwanza, sisi na Austen tuko pembeni tunakonyezana. Kwa Pip, yule kijana wa Great Expectations, huna pa kujificha maana anasimulia mwenyewe, anachoamini na wewe unaamini, akidanganyika mmedanganyika wote. Ile sura Joe anaenda kumtembelea London mi naikwepa hadi leo. Joe mhunzi, shemeji yake aliyemlea, anaingia na kofia hajui aiweke wapi, anaiegesha juu ya meko inaanguka, anaidaka, inaanguka tena, na Joe anamwita "bwana" huyo mtoto aliyemlea kwa mkono wake. Pip anaona aibu, na aibu yenyewe anamwonea Joe badala ya kujionea mwenyewe. Ujinga wa namna hiyo ndo naupenda kwenye riwaya, mtu anajua vyote ila hajui nani anampenda.

Shungi
Dada umenigusa hapo kwa Joe. Ila tusemane ukweli, ile kazi ilitoka vipande vipande kila wiki 1860 hadi 1861 na ukisoma kwa mkupuo unaona kabisa sehemu alizovuta kamba. Halafu mbona tumeganda Uingereza? Siku Njema ya Walibora mmeisahau?

Mlamba_Kurasa
Siku Njema nzuri sana ila Kombo si mjinga wa dunia, ni mtoto mwerevu anayemtafuta baba. Hiyo weka fungu lingine. Maimuna wa Utengano ndiye mwenyewe, kafungiwa ndani hajui hata njia.

BiTausi
Maimuna atamrudisha kwenye machozi huyu 😂 Kibatari, kama unataka ya karibu na sisi chukua Purple Hibiscus ya Adichie, 2003. Kambili ana miaka 15, baba anampiga na bado anamwona kama mtakatifu, kila siku yake imepangwa kwenye ratiba aliyoandika baba, saa ya kusoma, saa ya kusali. Anaenda na kakake kwa shangazi yao, shangazi anawanyang'anya zile ratiba, sasa mtoto hajui hata afanye nini na muda. Hakuna mtu anayemhubiria kwamba baba ni mkatili, anakaa tu kwenye nyumba ambayo watu wanacheka wakati wa kula, yaliyobaki anayaona mwenyewe. Kufa kupo ila si yeye.

Kibatari
Basi nimepata mpangilio, Kambili kwanza, Catherine wa kupumzishia kichwa, Pip mwisho nikiwa na nafasi.

Shungi
Ukifika kwa Pip hakikisha toleo lako lina miisho yote miwili. Dickens aliandika wa kwanza mchungu, rafiki yake mmoja mwandishi akamshauri aulainishe, akabadilisha. Mi nauchukua ule mchungu.

BiTausi
Hapana jamani, mwacheni mtoto wa watu apate hata tumaini.