Watoto wa miaka 8: mechi ndogo au foleni za koni?

Swali: Wakuu, nafundisha soka watoto 16 kwa dakika 60. Nikiwapa mechi ndogo, wote wanarundikana kwenye mpira. Nirudi kwenye koni, yaani wapange foleni na kuzizunguka na mpira mmoja mmoja?

Jibu 1: Usirudi. Gawa viwanja viwili, mita 25 kwa 20, wacheze 4 kwa 4 bila kipa. Kila timu ilinde magoli mawili madogo, yakae karibu na kona. Goli moja la katikati linawavuta wote. Yakiwa mawili, upande mmoja hubaki wazi na mtoto anauona mwenyewe. Dakika 4 mchezo, 1 maji.

Jibu 2: Na unyamaze, kocha! Ukipiga kelele "pasi, pasi" unamwamulia mtoto. Kwenye maji uliza: nafasi ilikuwa wapi?

Jibu 3: Wakizidi kurundikana, 3 kwa 3; wanne waliobaki 2 kwa 2. Namba, yaani nafasi ya kila mmoja uwanjani, wapangie baadaye.