Wakuu, kompyuta ya Boeing 737 inanipuuza kwenye spidi, nihamie Airbus?

RubaniWaSebuleni (mwanzisha uzi):
Habari za jioni wakuu, niende moja kwa moja kwenye mada maana hapa nilipo kichwa kimejaa. Mimi ni mtu wa simyuleta, narusha 737-800 kwenye kompyuta ya nyumbani huu mwaka wa pili, na huwa narusha online ambako kuna kontrola, yaani mwongoza ndege, mtu kabisa anakuongelesha kwenye hedifoni, wale wa kujitolea. Juzi usiku natoka Dar kwenda Nairobi, futi 36,000, mambo yanateleza tu, kontrola akaniambia nivuke pointi fulani kwenye STAR, ile njia rasmi ya kuingilia kiwanjani, nikiwa futi 9,000 na spidi noti 220. Nikaingia ukurasa wa LEGS, ule wenye orodha ya pointi za njia, nikaandika 220/9000, nikabonyeza EXEC ya kuthibitisha, taa ikazima, nikajua kazi imeisha. Wakuu, ndege ilishuka na spidi yake vilevile kana kwamba sijaandika kitu. Nafika pale niko 287, futi 10,500, ile nyota pembeni ya 9,000 imeshageuka rangi ya chungwa, kontrola ananiuliza spidi yako ngapi, akauliza tena, mara ya tatu akanitoa kwenye foleni nikazunguke huko. Na watu wote wanasikiliza.

Swali langu dogo tu. Hii kompyuta ya Boeing ndivyo ilivyo au ni programu niliyonunua ndiyo bomu? Nafikiria kuhamia Airbus, wanasema kule ndege inajiongoza yenyewe. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela, halafu kikundi chetu cha simyuleta kinataka maelezo ya maandishi ya kilichotokea kabla ya Jumamosi.

Kipute255:
Noti 220 za elfu kumi kumi ni milioni mbili na laki mbili mkuu, ukivuka nazo mpaka forodhani watakuuliza. Kontrola yuko sahihi.

DerevaMstaafu:
Mimi ndege nimepanda mara mbili tu maishani lakini hili nalijua. Nimeendesha matatu Kenya kipindi kile cha waziri Michuki, 2004, magari yote ya abiria yakafungwa gavana ya 80, kile kidude cha kuzuia spidi. Basi sisi madereva kitu cha kwanza tulichojifunza ni waya upi unakatwa. Unakata asubuhi, ukikaribia polisi unaunganisha, na ukikamatwa unasema afande hii gavana ni mbovu ilikuja hivi hivi dukani. Kwa hiyo mtu akiniambia mashine imekataa kushika spidi huwa namwangalia mikono kwanza. Siku moja pale Mlolongo nilimkuta mwenzangu amekata waya wa taa akidhani ni wa gavana, akaenda giza mpaka Machakos, hiyo hadithi ndefu nitaileta siku nyingine.

FundiRada:
Mkuu RubaniWaSebuleni, kabla ya kuilaumu Boeing nijibu kitu kimoja. Ukurasa wa DES, ule wa kushuka, kitufe cha tatu kushoto, kuna mstari umeandikwa SPD REST, yaani kikomo cha spidi. Siku hiyo ulikuwa unasomeka nini?

RubaniWaSebuleni:
Kawaida tu mkuu. Mimi naomba kujua kuhusu Airbus.

FundiRada:
Kawaida yake ni 240/10000, inakuja hivyo yenyewe bila wewe kuandika. Maana yake ni kwamba kompyuta inapopanga mteremko, tangu uko juu kule, inaweka kipande cha kupunguzia mwendo ili ukigusa futi 10,000 uwe noti 240, yaani maili za baharini kwa saa. Sasa wewe unasema futi 10,500 ulikuwa 287. Kama ule mstari ungekuwepo, saa hiyo ungeshakuwa unakaribia 240. Kuna mtu aliugusa, na kwenye hiyo sebule sidhani kama mko marubani wawili.

DerevaMstaafu:
Mikono! Nilisema mikono!

RubaniWaSebuleni:
Haya. Ngoja nieleze vizuri msinielewe vibaya. Wakati napaa Dar kontrola aliniambia hakuna kizuizi cha spidi, yaani nisibanwe na 250, na hilo linaruhusiwa jamani hata marubani wa kweli wanaambiwa. Nikaingia CLB, ukurasa wa kupaa, nikabonyeza DEL nikaipeleka kwenye SPD REST ikafutika, vikabaki vistari tupu. Sasa kwa kuwa mkono ulikuwa huko huko nikaenda na ukurasa wa DES nikafuta na ile nyingine, nisije nikasahau baadaye. Kuna vidio jamaa alifanya hivyo hivyo na akatua vizuri. Na hiyo 250 chini ya futi 10,000 ni sheria ya Marekani, sisi huku inatuhusu nini? Halafu bado niliandika 220/9000 kwa mkono wangu, kwa hiyo kufuta siyo sababu. Kompyuta ilipewa amri ikakataa.

MamboSafi_Mby:
"Nisije nikasahau" 😂😂 umefuta breki usije ukazisahau.

FundiRada:
Kontrola wa kupaa alikufungulia kupaa. Kushuka ni mwingine kabisa, na kwenye mashine ni kurasa mbili tofauti kwa sababu hiyo hiyo. Na hiyo ya Marekani pekee si kweli, 250 chini ya futi 10,000 ipo kwenye kanuni za kimataifa kwa madaraja mengi ya anga, tofauti ni kwamba nchi nyingi kontrola anaweza kukuachia na Marekani hawezi. Marekani wenyewe hawakuianzisha kwa kupenda. Tarehe 16 Desemba 1960 ndege ya abiria DC-8 iligongana na nyingine, Constellation, juu ya New York, wakafa watu 134, wakiwemo sita waliokuwa chini mtaani Brooklyn. Ile DC-8 ilipitiliza pointi iliyoambiwa isubiri, na ilikuwa inakwenda kasi. Baada ya pale ndiyo wakaanza kubana spidi karibu na viwanja.

Sasa hiyo 220/9000 uliyoandika, uliiandika ukiwa umebakiza maili ngapi?

RubaniWaSebuleni:
Kama 14 hivi. Au 12.

FundiRada:
Basi umejijibu. Hesabu ya kichwani tunayotumia wote ni maili tatu kwa kila futi 1,000, kutoka 36,000 hadi 9,000 ni 27 mara tatu, maili 81. Na kupunguza mwendo ni kama maili moja kwa kila noti kumi, ukiwa usawa, siyo huku unateremka. Kutoka 287 hadi 220 ni karibu maili saba za kwenda usawa. Wewe mteremko wako ulishapangwa bila hizo maili saba kwa sababu ulizifuta chini kule Dar, unakuja kuandika umebakiza 12, injini ziko sailensa tayari, hazisukumi, kompyuta itoe wapi? Haina mguu wa kukanyaga breki. Ikiwa kwenye VNAV PTH, yaani inafuata ule mteremko iliopanga, inashika njia kwa pua, spidi ikizidi inakuandikia DRAG REQUIRED pale chini kwenye skrini, yaani inakuomba WEWE uvute breki za hewa. Uliiona hiyo meseji?

RubaniWaSebuleni:
Kulikuwa na kitu kimeandikwa pale, nikabonyeza CLR kikaondoka.

Kipute255:
Nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto.

JamaaWaSyokimau:
Boss mimi naishi hapa Syokimau, ndege zinapita juu ya nguo zangu nikianika. Wacha nikuambie kitu watu wa Dar huwa hawafikirii. JKIA, uwanja wa Nairobi, iko futi 5,330 juu ya bahari. Dar iko 182. Ukisema "nitapunguza nikifika elfu kumi" ukienda Dar uko na karibu futi 9,800 za kujipanga, huku Nairobi uko na 4,700 tu, nusu! Futi elfu kumi kwetu ni kama uko sebuleni tayari. Na hewa ni nyepesi, hiyo 250 unayosoma kwenye kipimo, mwendo wako wa kweli uko karibu 290, kwa hivyo ardhi inakuja haraka kuliko umezoea. Mimi nikitua nyumbani sifuti SPD REST, naibadilisha, naandika 240/12000 nikiwa bado juu kabla ndege haijaanza kushuka, nabonyeza kitufe cha tatu, EXEC, imeisha. Tena ukifika LEGS angalia maandishi, yale makubwa ni masharti, yale madogo ni kompyuta inakisia tu itafika na ngapi. Mara nyingi mtu anaona 220 ndogo anadhani ni sharti kumbe ni ndoto.

Na ukibadilishiwa ranwei ukachagua upya kwa DEP ARR, ukurasa wa kuchagua ranwei, angalia LEGS tena, yale uliyoandika kwa mkono huwa yanaenda na maji. Mimi hii ilinifanya nipite juu ya mbuga ya Nairobi na 270 twiga wakiniangalia.

MwalimuTulivu:
Nimesoma uzi wote nikiwa na masikitiko. Mtu mzima, usiku wa manane, anaogopa kukemewa na mtu asiyemjua kuhusu ndege isiyokuwepo. Ndugu yangu una familia? Una shamba? Mimi muda kama huo nilianza na kuku 50. Simyuleta ya kuku ipo, inaitwa banda.

JamaaWaSyokimau:
Mwalimu hakuna mtu amekuuliza kuku.

Mchunguzi_TZ:
Jamani simameni kwanza. Nimerudi juu nikasoma tena ile post ya kwanza. Anasema "ile nyota pembeni ya 9,000 imegeuka rangi ya chungwa". Nyota? Kwenye 737? Mimi nina 737 miaka minne, nyota sijawahi kuiona. Nyota ni ya Airbus, inakuwa ya zambarau kama sharti utalifikia, na ya chungwa kama hulifikii. Na LEGS na EXEC ni Boeing, Airbus haina hata hicho kitufe cha EXEC. Huyu ametunga, amechanganya vidio mbili akatuletea. Hii ni chai na haina hata sukari. FundiRada umeandika insha bure.

MamboSafi_Mby:
😳 Uzi umebadilika.

Kipute255:
Weka picha mkuu. Uzi bila picha ni tangazo la msiba lisilo na jina la marehemu.

FundiRada:
Kha, nyota niliipita kabisa. Mwanzisha uzi njoo.

(Saa tatu baadaye)

RubaniWaSebuleni:
Nilikuwa kazini. Siyo chai. Ziko safari mbili. Ya kwanza Jumatatu na Boeing, hiyo ya LEGS na ya 287. Ya pili ni juzi, niliirudia njia ile ile ili nione kama Airbus itashika, ndiyo hiyo ya nyota. Nilivyokuwa naandika zikaingiliana, nilikuwa na hasira.

JamaaWaSyokimau:
Ngoja. Airbus umeirusha juzi, na huku unaomba ushauri "kabla sijatoa hela"?

RubaniWaSebuleni:
Nilishatoa. Nilitaka tu mtu aniambie nimefanya vizuri. Ilikuwa na punguzo linaisha saa sita usiku, na nikipiga hesabu ya miaka mitano ni kama soda moja kwa wiki. Ni hela ya marejesho ya kikoba lakini marejesho ni mwisho wa mwezi, kwa hiyo haijaathiri mtu.

Mchunguzi_TZ:
Na FlyByWire, wale wanaotengeneza ndege za simyuleta, wana Airbus A320 ya bure. BURE mkuu. Unapakua tu.

MamboSafi_Mby:
Uuuuwi.

RubaniWaSebuleni:
Hiyo ndiyo naisikia sasa hivi.

FundiRada:
Tuache hela. Airbus ilishindwaje? Kile kirungu cha kuzungusha cha spidi, ulikibonyeza au ulikivuta?

RubaniWaSebuleni:
Nilikivuta nikaweka 290, maana ilikuwa inapunguza mapema mno nikaona nachelewa.

FundiRada:
Ukibonyeza, ndege ndiyo inaamua na inaheshimu masharti yako yote. Ukivuta umesema niachie mimi, na masharti ya spidi inayaweka pembeni mpaka ukibonyeze tena. Kwa Boeing umefuta, kwa Airbus umevuta. Hata kwenye 737 ukibonyeza SPD INTV, kitufe cha kuweka spidi mwenyewe, dirisha la spidi likafunguka ni kitu kile kile. Ungehamia hata helikopta ingekuwa vilevile.

DerevaMstaafu:
Kijana hebu niambie ukweli, kile kikundi ulishawaandikia?

RubaniWaSebuleni:
Niliandika jana kwamba programu ina hitilafu. Lakini sikutaja jina la waliotengeneza, na mzee nafasi yangu ya kwenda kwenye ndege kubwa inategemea hiyo ripoti, sasa niseme nini, nilifuta? Wataniuliza kwa nini.

DerevaMstaafu:
Afande hii gavana ilikuja hivi hivi dukani.

JamaaWaSyokimau:
Waandikie tena. Mistari miwili. Kila mtu kwenye hicho kikundi amewahi kufuta kitu. Halafu leo usiku rudia na Boeing, ukifika futi 20,000 uwe umeshaandika masharti yote na umeyasoma kwa sauti, breki za hewa mkononi.

RubaniWaSebuleni:
Sawa nitajaribu.

(Saa 5:40 usiku)

RubaniWaSebuleni:
Wakuu nimerudi!! Nimevuka pointi ile ile futi 9,000 kamili, spidi 221. Kontrola hakuniuliza kitu, alinipa tu ranwei akaendelea na wengine. Nimetua na matairi yote. Wale wa picha hiyo hapo, nimeipiga na simu kabla sijaanza kushuka, kioo kimechubuka kidogo msijali.

Kipute255:
Hongera mkuu, nimekuelewa leo, noti siyo hela.

Mchunguzi_TZ:
Nakubali siyo chai, hongera. Ila nimeikuza hiyo picha. Ukurasa wa DES, kitufe cha tatu kushoto, SPD REST, mbona bado kuna vistari tupu?

FundiRada:
Hata mimi nimeona.

MamboSafi_Mby:
Yuko online, kaduara kake ka kijani kanawaka, anasoma.