Naomba ushauri: kuondolewa ndevu na kodi ya Marekani

Habari zenu ndugu zangu, hasa mlioko Marekani. Nina PCOS, ule ugonjwa wa homoni wa wanawake, na ndevu zinaniota kidevuni. Nanyoa kila alfajiri kabla ya kazi, ngozi imejaa vipele na madoa meusi. Inaniumiza sana. Daktari kaniandikia nywele zichomwe kwa umeme. Nimeshalipa dola 4,200, bima imekataa.

Mwongozo namba 502 wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, unahesabu kuondoa nywele kama urembo, isipokuwa kwa kasoro ya ugonjwa unaoharibu sura. Gharama zangu zote za matibabu zimevuka asilimia 7.5 ya mapato, kiwango kinachotakiwa ili kuomba punguzo la kodi. Anayenijazia kodi anasema niache tu.

Je, kuna aliyewahi kuziombea punguzo kwa ugonjwa huu zikakubaliwa? Na barua ya daktari iandikweje?