Sentry inarekodi seshen zote, bando za wateja zinaisha

kijana_wa_ntinda:
Wazee habari zenu, nina apu ya React ya tiketi za basi Kampala–Gulu, mteja kapiga simu eti kitufe cha kulipa hakibonyezeki, kwangu kinafanya kazi fresh tu, nikawasha Sentry (huduma ya kunasa makosa ya apu) irekodi kila seshen ya mtumiaji, sasa watu wanalia bando. Nifanyeje?

dada_jinja:
Pole kaka. replaysSessionSampleRate (sehemu ya seshen zinazorekodiwa) umeweka 1.0, yaani zote, eeh? Shusha 0.05, replaysOnErrorSampleRate (ya seshen zenye kosa) ndo uache 1.0, hapo inashika kama sekunde 60 za nyuma kwenye brauza na kutuma kosa likitokea tu. Ila ile ya kwanza usiweke 0 kabisa, kitufe kinaweza kugoma bila kosa lolote kuripotiwa.

mzee_wa_brauza:
Na maskAllText usiizime kijana! Yenyewe inaficha maandishi yote, kuna mradi niliukuta wameizima, namba za mobile mani za watu ziko wazi kwenye rekodi, na sheria ya data tunayo tangu 2019. Sosi mapu (faili za kuoanisha kodi iliyobanwa na kodi uliyoandika) pia upandishe Sentry, la sivyo utaletewa kosa kwenye "a" mstari wa 1 ubaki kukodoa macho.

kijana_wa_ntinda:
Asanteni sana. Kumbe kwenye simu ndogo bango la kuki limefunika kitufe, jamaa kagonga mara tisa 😂