Naomba ushauri: Menteri Besar (mkuu wa serikali ya jimbo Malaysia) anapokataa kujiuzulu

Habari zenu wakuu. Naandaa somo kuhusu serikali za majimbo Malaysia na nimekwama kwenye hatua moja.

Msingi ninao. Majimbo ni 13: 9 yana watawala wa kurithi, 4 yana magavana. Menteri Besar huteuliwa kwa kuonekana ana imani ya wabunge wengi wa jimbo. Jedwali la Nane la Katiba ya Shirikisho linampa mtawala (Sultani) hiari katika mambo machache, likiwemo kukataa kuvunja bunge.

Tatizo ni jimbo la Perak, 2009. Viti 59, wabunge 3 waliiacha kambi ya serikali iliyokuwa na 31, ikabaki na 28. Nizar, Menteri Besar wa wakati huo, akaomba bunge livunjwe, Sultani akakataa, Zambry wa kambi pinzani akaapishwa badala yake. Kura ya imani bungeni haikupigwa kabla ya hapo. Mwaka 2010 Mahakama ya Shirikisho ilikubali kwamba imani inaweza kupimwa nje ya bunge. Lakini kesi ya Ningkan, mkuu wa serikali ya jimbo la Sarawak aliyeondolewa 1966, ilisema kinyume: kura kwanza. Nimezisoma zote mbili, nikalinganisha na Jedwali la Nane. Halisemi kwamba imani lazima ipimwe kwa kura, na hapo ndipo kizunguzungu kinapoanzia.

Maswali mawili tu:

1. Sarawak ina gavana, Perak ina Sultani. Je, tofauti hiyo ina uzito wowote kisheria, au hukumu ya 2010 inafunika majimbo yote?

2. Menteri Besar aliyepoteza imani asipojiuzulu, nieleze kwamba amefukuzwa, au kwamba kiti kimekuwa wazi chenyewe?

Mwenye kifungu mkononi anisaidie, tafadhali.